Tundu la Pili

Komora aliingia dukani Langoni na mkanda wa nailoni
uliokatika, ukafungwa fundo kama kamba ya mbuzi.
"Nishonee wa ngozi, Bwana Shekuwe.
Pesa ya hoteli bado. Nitakulipa kwa masomo."
Nikacheka. Miaka thelathini nashona makubadhi,
nimelipwa kwa pweza, kwa mkaa, kwa kesho;
kwa masomo, sijawahi.

Nikakata ngozi ya ng'ombe, ile ya nyayo,
ngumu, ya kukanyaga mawe na mavi ya punda.
Nikapaka uzi nta. Msharasi ukaingia, ukatoka.
Nikatia bizimu nililolinyofoa kwenye mkoba wa marehemu baba
na mkanda nikauangika mlangoni siku nzima,
wapita njia wauone.
Tundu za ncha nilizitoboa kwa jicho tu,
kama ninavyotoboa la kidole gumba.

Kumbe kidole hujishika chenyewe.
Usiku wa tatu, kule Shela, katikati ya harusi ya wageni,
tundu liliachia, gitaa likashuka sakafuni kwa ubavu.
Asubuhi akaniletea: ufa
kutoka kiunoni hadi mdomoni.
Hakunigombeza. Angenigombeza, ningepumua.

Basi nikamnunulia jingine, nusu kwa nusu, mpaka leo nalipa,
na lile la ufa likabaki kwangu
limelala kati ya gundi na visigino.
Nikalibandika kiraka cha ngozi ya mbuzi, laini, kwa ndani.
Kilipokauka nikalipiga kwa kidole.
Likasema.

"Anza na kodi tatu," Komora akaniambia.
Kodi nazijua, nikamjibu: ya duka, ya kaunti,
ya nyumba ya mama mkwe.
Akavishika vidole vyangu, akavipanda kimoja kimoja juu ya nyuzi:
"Hizi hazilipwi. Hizi zinabanwa."

Nilidhani niko tayari.
Nina sugu za msharasi, sindano haizipiti.
Lakini sugu ziko mkono wa kulia,
na nyuzi zinautaka wa kushoto, mvivu,
ambao maisha yake yote kazi yake ni kushika ngozi isiondoke.
Ukavuja damu. Ukachelewa kila mahali.
Mteja anangoja kubadhi lake
nami nahama kutoka kodi ya kwanza kwenda ya pili
polepole, kama punda anayegeuzwa kichochoroni.

Zena, mke wangu, akasimama mlangoni na ungo wa mchele:
"Ngozi ivute ili mai, Shekuwe.
Wewe umekauka tangu soda shilingi tano."
Mtaa ukacheka. Nami pia.

Lakini aliyeitunga methali hakuwa mshonaji.
Ngozi kavu haitupwi. Unailaza majini usiku kucha,
unaipaka mafuta ya nazi, unaikunja, unaikunjua,
inalia, inanuka, inakupa kisogo,
halafu siku moja, hujui saa ngapi, inakubali.
Hili mikono yangu ililijua.
Kichwa hakikuwa kimeambiwa.

Nikakata mkanda mwingine, wangu.
Safari hii tundu za ncha nilizichora kwanza kwa penseli,
ndogo kuliko kifungo,
na mpasuko mfupi juu yake, mboni ya paka mchana:
kifungo kiingie kwa shida, kitoke kwa shida.
Bizimu la baba nikalihamishia huku.
Nikalitobolea tundu moja, la kimo changu, basi.

Wimbo sijui. Nina vipande viwili na nusu
na hicho cha nusu ndicho nikipendacho.
Jana baada ya isha Zena alilichukua, akidhani nimelala.
Likamning'inia mapajani. Akapiga uzi mmoja,
ule mnene wa juu, akaungoja mpaka uishe.

Leo asubuhi hakutaja gitaa, hakutaja usiku.
Alipima shibiri kutoka kwenye bizimu,
akaweka ukucha juu ya ngozi:
"Hapa. Nitobolee la pili."