Folio ya Kumi na Saba

Masjala ya Wete ina dirisha moja,
na dirisha lenyewe latazama ukuta.
Hapo ndipo nilipo, mwaka wa kumi na tisa,
nami ndiye nijuaye jalada lipi limeliwa na panya
na lipi limeliwa na watu.

Jumatatu kaja Raya Kombo Shaame,
mpima damu wa hospitali,
viatu vyeupe vya kazini vimeingia tope la Limbani,
mkononi karatasi imekunjwa mara nne
kama hirizi.
"Bwana Ngwali, nisomee. Sina miwani."
Miwani ilikuwa kichwani kwake.
Alitaka alisikie kwa mdomo wangu.

Nikasoma.
Kanuni ya thelathini na mbili, kifungu kidogo cha pili:
mtumishi aliyetimiza miaka mitatu katika daraja lake,
na akafaulu mtihani,
atapandishwa.
"Rudia neno la mwisho."
Atapandishwa.
"Si 'anaweza kupandishwa'?"
Sivyo.
"Si 'atapandishwa ikimpendeza mkuu wake'?"
Hilo halimo, dada.

Ana miaka saba. Mtihani kafaulu mara mbili,
maana matokeo ya mwanzo yalipotelea kwenye mkoba wa mtu.
Na kila akiomba hujibiwa mstari mmoja:
Rejea Waraka.

Waraka naujua. Niliupokea mimi,
nikaugonga muhuri, nikautoboa matundu mawili,
nikaulaza kwenye jalada la kijani, folio ya kumi na saba.
Ukurasa mmoja na robo.
Haukutoka kwenye Gazeti Rasmi, haukupita pahala.
Umetiwa saini "kwa niaba ya",
na huyo mwenye niaba simjui mpaka leo.
Wasema: miaka mitano,
tena pendekezo la mkuu wa kituo,
tena "busara ya ofisi izingatiwe".

Yakhe, sheria ni bibi.
Kanuni ni mwanawe wa kumzaa.
Waraka ni mjukuu, hutumwa dukani:
chumvi, kiberiti,
fomu zijazwe kwa wino mweusi.
Akirudi hawezi kusema,
Bibi, leo huli mpaka nipende mimi.

Lakini Raya hakulijua jambo moja.
Aya ya mwisho ya waraka uleule
iliwapandisha makarani wa zamani wa masjala
bila mtihani.
Mimi ndivyo nilivyopanda.
Mabati ya nyumba yangu ya Mtambwe, kumi na nane,
geji ya ishirini na nane,
yamenunuliwa na aya ile.
Mvua ikinyesha, wanaosikia mvua ni wenzangu;
mimi nausikia waraka.

"Rufaa inasikilizwa Alhamisi, Chake," kasema Raya.
"Nimewaomba wautoe. Wanasema haujawahi kuwapo."

Simu ikalia. Bwana Mkuu.
"Ngwali, lile jalada la kijani.
Lisionekane mpaka Ijumaa."
Nikamwuliza, kwa maandishi?
"Wacha mchezo."
Akakata.
Kumbe mjukuu naye kazaa:
kitukuu, hana hata cheti cha kuzaliwa,
na ndiye anayetaka kuitawala nyumba.

Nilikaa kidogo.
Nilipanga pini ambazo zilikwisha pangwa.
Raya hakuniuliza nani kapiga.
Alishusha miwani machoni, akanitazama
kama anavyotazama tone kwenye kioo.

Nikavuta droo ya tatu, ile inayokwama.
Mashine ya nakala, kama kawaida yake,
ikapiga mstari mweusi katikati ya ukurasa;
maneno yakasomeka.
Nikagonga: Nakala Halisi.
Nikatia saini jina zima, Ngwali Hamad Mbwana,
si kwa niaba ya mtu.

"Nikupe nini?" kauliza.
Shilingi mia mbili. Ada ya nakala.
Hiyo imo kwenye kanuni.

Akatoa noti ya mia tano.
Sikuwa na chenji.
Mpaka leo ananidai mia tatu.