Stakabadhi ya Mfaume Nandonde

Ukuta una masikio, wanasema watu.
Mimi nauuzia macho:
vioo vya milimita mbili, mninga uliokauka,
kona nne zinazokutana bila pengo,
katika kibanda changu cha Chikongola, nyuma ya duka la mbolea.

Asubuhi huja wa maofisini.
Meneja wa benki alitaka mnazi,
mnazi mkubwa wa rangi ya mafuta, fremu ya dhahabu,
autundike mkabala na dirisha
ambalo nje yake umesimama mnazi.
Sikusema kitu. Nilipima, nikakata.
Daktari wa meno, picha ya meno.
Walimu, cheti cha usafi, nafasi ya tatu kiwilaya,
mwaka ambao shule zilizoshindana, nasikia, zilikuwa tatu.
Chihako, mwanafunzi wangu, alicheka
mpaka akajipiga nyundo kidoleni.

Kisha Mfaume Nandonde, kutoka Nanguruwe,
na karatasi iliyokunjwa mara nne ndani ya mfuko wa sukari.
Stakabadhi ya ghala. Korosho ghafi, daraja la kwanza,
kilo mia nane arobaini na mbili,
mhuri wa chama cha msingi, sahihi kama mkia wa mjusi.
"Tangu msimu ule," alisema. "Njoo kesho, njoo kesho.
Sasa naona hii ni picha.
Itie fremu kama picha."

Mali bila daftari huisha bila habari.
Kwake daftari lilikuwapo, na habari zilikuwa tele;
kilichoisha ni mali.

Nikamuuliza ninavyowauliza wote:
Itakaa wapi? Jua linaingia upande gani?
Isiguse kioo, nilimwambia,
hewa yetu hii ya chumvi huigandisha karatasi,
siku ya kuitoa inatoka bila ngozi.
Tukailaza juu ya kadibodi ya buluu,
pambizo pana, vidole vinne kila upande,
maana kitu kidogo kilichoonewa
kinataka mahali pa kupumulia.
Alilipa kwa korosho za kubangua, vibaba viwili,
nami nikamwandikia risiti.
Aliitazama kwa muda mrefu.
Halafu tukacheka, wote wawili, mpaka Chihako akatoka nje kutazama kuna nini.

Miaka mitatu ilikaa sebuleni
juu ya kochi, mahali pa picha ya arusi.
Wageni waliisoma kabla ya kukaribishwa kiti.
Somoe, mkewe, aliifuta vumbi kila Ijumaa
kwa upande wa kanga usio na maneno.

Redio ikatangaza malipo.
Ila waje na karatasi halisi, si kivuli.
Akanijia mbio, fremu kwapani kama jogoo wa kuuza.
"Fungua."
Niling'oa misumari kumi na miwili iliyoshika kutu,
mmoja ukakatikia ndani, nikatukana kidogo,
na karatasi ikatoka nzima, haina hata kovu.
Akaondoka nayo bila kuaga.

Kadibodi ikabaki mezani.
Jua la Nanguruwe lilikuwa limeila buluu yote,
imekuwa rangi ya maji ya kuoshea mchele,
isipokuwa pale ilipolala karatasi:
mstatili mmoja, buluu ya siku ile ya kwanza,
kingo zake zimenyooka kuliko zozote nilizowahi kukata.
Nilitaka kuitupa. Sikuitupa.

Wiki ikapita, akarudi na shati jipya.
Wamempa ngapi, hakusema, na mimi si mtu wa kuuliza.
Nilimwuliza tuweke nini: arusi? Aya? Mnazi?
"Rudisha kioo," alisema.
"Hivyo hivyo?"
"Hivyo hivyo. Kivuli walikikataa.
Basi hicho ni changu."

Misumari nilimwekea mipya.
Ya shaba.