Kitambaa cha Krismasi

Soacha, kusini mwa Bogotá, mwezi wa nne

Saa tisa za usiku naamka bila kuamshwa.
Baridi ya mlimani imeketi juu ya bati,
na moyo wangu, punda aliyekata kamba,
unazunguka chumba hiki kimoja
ukipiga teke kila kitu.

Basi nahesabu.
Viazi kumi na kimoja, viwili vimechipua.
Sukari guru, nusu kipande.
Mtungi wa gesi nautikisa, nausikiliza kama daktari:
bado unapumua, ila pumzi fupi.
Kodi ya mwezi huu, na ya ule uliopita.
Edilberto akikohoa, nahesabu na kikohozi:
cha kwanza ni vumbi la saruji,
cha pili ni baridi,
cha tatu namgusa paji la uso,
naye anajifanya amelala
nisije nikajua kwamba naye anahesabu.

Nilikuwa nikipiga pasi mashati ya watu wa kaskazini,
ishirini kwa siku, kola zimekaza kama askari.
Bibi wa nyumba ile alinipigia simu, sauti tamu:
"Usije kwanza, mpaka mambo yatulie."
Mambo hayajatulia.
Pasi imelala uvunguni, waya umejiviringisha.

Mchana najitafutia dawa.
Naosha mikono hadi vidole vinakunjamana.
Naosha kitasa. Naosha sarafu, chache zilivyo,
naanika dirishani kama dagaa.
Siku ya kutoka hupangwa kwa tarakimu ya kitambulisho;
yangu ni saba, na saba ikifika
sina cha kutokea.
Yurany anasoma kwenye simu yenye ufa,
sauti ya mwalimu inakatika:
"Kama mama ana... na akitumia... atabaki na..."
Mwanangu ananitazama.
Mimi natazama viazi.

Mtaani kwetu, nyumba iliyoishiwa
hutundika kitambaa chekundu dirishani.
Sijui nani alianza. Jumatatu kilikuwa kimoja,
Alhamisi mlima mzima ulikuwa umeota surua.
Sisi, la. Tulikula kidogo, kisha mara moja, kisha kimya kimya.
Mama alinifunza njaa ni siri ya ndani:
unafunga mlango, unateleka maji matupu,
majirani wasikie mfuniko ukigonga.

Leo viazi ni vinne.
Nimefungua sanduku, nikatoa kitambaa cha meza cha Krismasi,
chekundu, nyota za uzi wa dhahabu pindoni.
Mkasi ukasita.
Nikakata kipande kiasi cha leso.
"Njaa yetu ni ndogo," nikamwambia Edilberto.
Hakucheka. Alikuwa ameshika msumari.

Kabla hatujaupigilia, hodi.
Bi Nelcy wa chini, tuliyenuniana naye
tangu ugomvi wa bomba la maji,
barakoa kaishona kwa soksi,
kasimama hatua mbili nyuma, macho sakafuni.
Nikadhani kaja kucheka.
Nikadhani kaja kuomba, na nina nini mimi?

"Jirani," akasema, "una kitu chochote chekundu?
Kwangu nguo zote nyeusi, tangu mzee aondoke."

Nilikata kwa urefu. Sikupima.
Nyota nyingi zikaenda kwake, nadhani,
na ile leso nikaitupa,
nikatundika kilichobaki, kipana kama shuka,
apitaye aone.

Chakula hakikuja siku ile.
Usiku, saa tisa, punda alikuwa macho vilevile.
Lakini chini, kupitia mbao za sakafu,
nikasikia mtu akitikisa mtungi.
Nikagonga kwa kisigino, mara mbili.
Kimya.
Halafu akagonga, kwa mpini wa ufagio, nafikiri.

Nikaanza upya, polepole:
viazi vinne,
mtungi mmoja,
la, miwili.