Njia Panda, Barabara ya Nane

Kulia, Bombo: kikombe cha methadoni, nesi Mwanakombo
na daftari lenye jina langu.
Kushoto, kichochoro cha Chuda.

Nimeapa kulia. Nimeapa tangu alfajiri,
nikioga, nikifunga kandambili kwa waya.

Lakini kuna mwenye mizani humu kichwani,
mpunjaji:
kesho akiipima haifiki robo,
kete ya sasa hivi inazamisha sahani.

Na baiskeli ishakata kona.
Mimi nafuata nyuma, mzigo kwenye keria,
natafuta sababu ya kumpa Mwanakombo:
mvua, msiba, mnyororo.

Jana mnyororo ulikatika kweli.
Nikasimama palepale, mikono ina grisi,
na kwa mara ya kwanza
nikamsikia akipima.