Kata ya Tatu

Mama hakuwahesabu wageni kwa macho.
Aliwahesabu kwa viatu.
Ndala, pa. Ndala nyingine, pa. Kisha buti,
buti zito la mtu aliyetoka mbali kwa miguu,
na kabla Mjomba Afeku hajamaliza kupiga hodi
Mama alishajua: ni sita,
na chungu kimepikiwa watu wanne.

Lori la Koboko lilikuwa limevunja ekseli Manibe,
giza limeingia, Arua nzima haina umeme,
na Mjomba, kama kawaida yake,
amewaambia abiria wenzake:
"Dada yangu anakaa Oli. Twendeni, tutakula."
Utadhani dada yake ni soko.

"Karibuni," akasema Mama. "Karibuni sana."
Akacheka kile kicheko chake cha sikukuu,
kisha akatutupia sisi neno juu ya bega:
"Watoto, nguo bado ziko kwenye kamba."

Hatukuwa na nguo kwenye kamba.
Lilikuwa neno la nyumba yetu, maana yake:
megeni kidogo, tafuneni polepole,
na mkiulizwa, mlishiba tangu mchana.
Letaru, wa miaka mitano, akaanza kulia.
Nikamfinya.

Jikoni mimi ndiye niliyeshika taa, niliona yote.
Kunde zilizokwisha kuepuliwa zikarudi motoni,
maji, kata ya kwanza,
magadi ya ncha ya kidole,
maji, kata ya pili,
halafu ule ufuta uliosagwa
uliofichwa kwenye kopo la majani ya chai
ungoje Krismasi.
Krismasi ikaliwa Agosti.
Akakoroga mpaka mchuzi ukasahau kwamba ni maji.
Samaki wakavu wanane, wadogo kama vidole vya Letaru,
wakavunjwavunjwa
ili kila bakuli lipate walau harufu.

Mimi nikatolewa kwa mlango wa nyuma,
beseni chini ya leso,
hadi kwa Hajati Mastura, ambaye haulizi.
Alipima unga wa muhogo kwa kikombe cha bati,
akatazama uso wangu, akaongeza konzi mbili.
"Pita nyuma ya choo," akasema, "wasikuone."

Niliporudi Mama alikuwa anamimina tena.
Kata ya tatu.
"Hii ya nani?"
"Ya yule ambaye hajafika."
Nikachungulia nje. Barabara tupu, mbwa mmoja.

Wakala. Mjomba akasimulia ekseli ilivyokatika,
mara ya kwanza kwa mlio wa bunduki,
mara ya pili kwa mlio wa radi.
Sinia likaisha kingo, likaanza kuisha katikati.
Mwenye buti alikuwa utingo, Onzima,
kijana mwembamba, shati limelowa grisi.
Alimega mara nne, nilihesabu,
akaomba maji ya kunawa.
"Nimeshiba, Mama. Mchana Koboko tulikula sana."
Hapo hapo tumbo lake likanguruma.
Tulisikia sote,
tukageukia dirisha kana kwamba ni yule mbwa.

Kumbe hata kwao
kuna nguo kwenye kamba.

Mama hakusema kitu. Aliingia jikoni,
akatoka na bakuli ambalo sikuwa nimeliona,
limejaa hadi mdomo, donge la ugali juu yake,
akaliweka kati ya magoti ya yule kijana.
"Kula," akamwambia. "Nguo tumeshazianua."

Onzima hakuyaelewa maneno.
Aliinama, akala kwa mikono miwili,
akala masikio yakicheza,
na Letaru, machozi yamemkauka mashavuni,
akasogea akakaa karibu naye,
akalishwa.

Usiku, wageni wamelala mkekani, miguu hadi mlangoni,
nilisikia kijiko jikoni
kikikwangua chungu,
taratibu, kwa kituo,
kama mtu asiyetaka kuiamsha nyumba.