Shubiri Mbili na Nusu

Nimekipima kitanda kwa mkono,
kutoka ukingoni hadi sakafuni.
Shubiri mbili na nusu.
Nimepima tena, labda vidole vilitetemeka.
Mbili na nusu.

Jana hukujua kubiringika.
Jana nilikuweka katikati kama mkate mezani,
nikaenda, nikarudi, nikakukuta pale pale
ukibishana na vidole vya miguu yako.
Leo nimegeuka kuchukua nepi kwenye kamba,
kamba ya ndani, maana mvua ya Mbale ya saa tisa
haimwonei mtu huruma,
na wewe, Minayo, ukachagua leo kujifunza.
Somo la kwanza likawa saruji.

Ile sauti sitaweza kuisimulia.
Kama kiazi kilichomponyoka mpishi.
Kisha kimya.
Kimya kisichofika hata pumzi mbili,
lakini humo nilikuzika, nikakufufua, nikakuzika tena,
mpaka ulipofungua kinywa
ukautukana ulimwengu mzima kwa lugha isiyo na meno,
na mimi nikasema asante,
lia mama, lia,
nani atakukataza.

Mama Endesia wa mlango wa pili akaja na unga mikononi.
Asilale! Akilala ndiyo basi.
Nesi wa zahanati, kwa simu, sauti ikikatikakatika mvuani:
Alilia papo hapo? Ananyonya? Hajatapika?
Basi mwache alale.
Mwangalie tu.

Hilo "tu" nimelibeba tangu jioni.
Gunia la mahindi lina nafuu.

Saa nne nakumulika kwa tochi ya simu;
mboni zinasinyaa zote mbili, sawasawa,
unanikunjia uso kama mwenye nyumba aliyeamshwa.
Saa tano, kidole chini ya pua. Pumzi.
Saa tano na dakika kumi, kidole tena.
Juu ya nyusi ya kushoto, uvimbe
mdogo kama njugumawe.
Naugusa kwa macho. Mkono unaogopa.

Wahenga walisema mtoto akililia wembe, mpe.
Nauliza tu, wahenga:
usiku wake mlilala?

Mama yako yuko zamuni, kiwanda cha chai, Mudete.
Nimemtayarishia sentensi: "Alianguka kidogo."
Neno "kidogo" nimelijaribu mara saba.
Linagoma mlangoni mwa meno.

Anaingia na harufu ya majani yaliyokaushwa.
Namwambia yote, hata kamba, hata nepi.
Kadenyi hasemi kitu.
Anavua kiatu kimoja, anakaa nacho mkononi
muda mrefu kuliko kiatu kinavyohitaji.
"Mwezi wa pili," anasema. "Kwenye beseni. Sabuni.
Nilimdaka mguu, lakini kichwa kilishagusa ukingo."
Anakitazama kiatu.
"Sikukwambia."

Tumeliteremsha godoro.
Usiku huu nyumba yetu haina kimo,
tumelala watatu sakafuni kama wageni wa matanga
ambayo, shukrani, hayakuwapo.

Saa tisa za usiku, gizani,
nasikia blanketi likihangaika.
Umejigeuza tena.
Umeinua kichwa, unacheka peke yako,
na mikono yetu minne, iliyojifanya imelala,
inarukia na kugongana juu yako.