Senti Thelathini na Moja

Leo wamekizika rasmi Kiwanda cha Kamba cha Mabokweni.
Hapana sanda, hapana ubani.
Pana meza, pana muhuri, kisahani cha wino wa zambarau,
mfilisi Kyaruzi na miwani yake ya kusomea,
na feni ya ukumbi wa Chumbageni
inayozunguka kama mtu aliyelazimishwa kukubali.

Miaka kumi na saba marehemu alikuwa akikata roho.
Waliuza kwanza mashine za kusokota,
yakafuata mabati, ikafuata milango,
mwisho wakauza mizani ya langoni,
na ndipo tulipojua hakuna tena cha kupima.
Singa za mwisho zilioza ghalani, nyeupe,
kama mvi za mtu asiye na wa kumnyoa.

"Kwa kila shilingi mnayodai," akasema mfilisi,
"mtapata senti thelathini na moja.
Serikali imechukua yake, benki imechukua yake,
gharama za ufilisi zimechukua zake.
Hiki ndicho kilichobaki."
Akainua karatasi
kama mpishi anayeonyesha ukoko.

Majina yakaanza.
Nyabenda wa korona: amefariki, yupo mwanawe.
Mhina Shekiondo wa brashi: yupo, haoni, ameshikwa mkono.
Zuhura Kilua: yuko Muheza, amemtuma mjukuu na barua.
Kampuni ya dizeli: yupo mwakilishi, ana haraka.
Hundi kwa wakubwa, bahasha za kaki kwa wadogo.
Majina mia mbili na kumi na nne;
walioitikia kwa vinywa vyao hawakufika sitini.
Mengine yaliitikiwa na hati za mirathi.

Langu halikuitwa, wala sikulitega sikio.
Sikukidai kiwanda mimi. Niliwadai watu wake.
Daftari langu lina madoa ya bizari:
chapati mbili, maharage, chai ya rangi,
"mwisho wa mwezi,"
chapati mbili, maharage, chai ya rangi,
"mwisho wa mwezi,"
na mwezi ule
haukuwa na mwisho.

Kidawa aliniuliza asubuhi, "Mama, unakwenda kufanya nini huko?"
Nikamwambia nakwenda matangani.
Huu si mji wa Tanga?

Mfilisi akagonga muhuri. Mara moja tu.
Akasema baada ya miezi mitatu
jina la kampuni litafutwa daftarini,
wala hakuna atakayeweza kuidai wala kudaiwa nayo.
Viti vikaburuzwa.

Nje, kwenye ngazi, nilikohoa.
Mzee Mhina akasimama. "Huyo si wa chapati?"
"Ndiye."
"Ulikuwa unanidai ngapi?"
"Elfu nne na mia sita. Lakini nilipe kama walivyokulipa,
senti thelathini na moja kwa shilingi."
Akacheka mpaka mjukuu akamshika kiuno.
"Mimi si kampuni, mama. Mimi sijafilisika."
Akazihesabu noti kwa vidole, akizipima urefu,
akaniwekea kiganjani, akanifunga ngumi
kama anayemtuma mtoto dukani.

Wakajipanga wengine nyuma yake.
Mmoja alilipa nusu, akaapa kwa jina la mamake.
Kijana wa Nyabenda alitaka kulipia ya babake;
nikamrudishia, nikamwambia anunue daftari la shule.
Mmoja alipita anaitazama simu,
simu ambayo ilikuwa imezimika.

Mfilisi akatoka na mkoba wake, anatafuta bajaji.
Akaukuta msitari wetu. Akavua miwani.
"Na huku pia mnafunga hesabu?"
Hakuna aliyemjibu. Nilikuwa natafuta kalamu.

Dawa ya deni kulipa, wanasema,
hawasemi dozi yake.
Waliokufa nimewasamehe palepale ngaziwe,
nisije nikawazibia njia.
Waliolipa nimewakata kwa mstari mmoja ulionyooka.
Yule wa simu nimemwacha wazi.
Yeye bado ana miguu.